Siku Koti la Mheshimiwa Lilipotoka Ofisini

Iko nchi moja, mbali kidogo na hapa, au karibu kidogo, inategemea msomaji anakaa wapi. Jina lake ninalo, lakini wenyewe hawapendi litajwe bila kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambazo mimi huwa na shughuli. Tuiache hivyo. Ni nchi nzuri, na watu wake wana heshima kuliko watu wa nchi zote nilizopata kusikia habari zao. Heshima hiyo ndiyo iliyowafikisha pale nitakapopaeleza.

Katika nchi hiyo mdogo hatoki ofisini kabla mkubwa hajatoka. Hiyo si sheria, maana sheria wanazo na huzivunja. Ni mila, na mila haina mahali pa kukatia rufaa. Mkubwa kama yupo au hayupo hujulikana kwa koti. Koti likiwa kwenye kiti, mkubwa yupo. Huenda yuko msalani, huenda yuko harusini, huenda yuko ng'ambo akipimwa shinikizo la damu. Maadamu koti liko kitini, yupo, na anayesema hayupo anajitafutia matatizo.

Wizara ya Maji ilikuwa na Mheshimiwa Waziri ambaye koti lake la kijivu lilikaa kitini miaka mingi bila kuinuliwa. Mwenyewe alikuwa ameaga kwa ziara fupi. Mwanzoni wafanyakazi walilala wizarani wakisubiri koti litoke, wake na waume zao wakiwaletea chakula getini. Ndipo Katibu Mkuu, Bwana Tindwa, mtu mwenye akili nyingi, akatoa uamuzi unaosifiwa hadi leo: mwili wa mfanyakazi unaruhusiwa kwenda nyumbani, ila kompyuta yake ibaki wazi, imwakilishe, kama koti linavyomwakilisha Mheshimiwa. Tangu hapo hakuna kompyuta iliyofungwa katika jengo lile. Madirisha yaling'aa kutwa kucha, na wapita njia walisema serikali yao haina usingizi.

*

Ngwali Mbaruku hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mlinzi wa mageti ya Bwawa la Mkondo, kazi aliyoianza ndevu zinaota akaifanya hadi zikaanza kuwa nyeupe. Mageti yalipandishwa na kushushwa kwa gurudumu kubwa la chuma, na Ngwali alilizungusha kwa mabega yake mwenyewe, akijua kwamba kijiji cha kwanza chini ya bwawa ni Mabondeni, na nyumba ya kwanza ya Mabondeni ni ya mama yake.

Kisha ukaja mfumo wa kisasa. Mheshimiwa aliuzindua mwenyewe kabla hajaaga: alikaa kitini, akavua koti, akabonyeza kitufe kimoja, na huko bwawani, mwendo wa nusu siku kwa gari, geti likapanda kiganja kimoja. Watu wakapiga makofi. Kwa kuienzi siku ile ikaamuliwa kwamba mageti yatapokea amri ya kompyuta ya Mheshimiwa peke yake. Gurudumu likang'olewa, likapakwa rangi ya dhahabu, likasimikwa kwa saruji ukumbini mwa wizara, na chini yake bamba lililoandikwa TULIKOTOKA. Ngwali naye akahamishiwa makao makuu, kwa kuwa haikuonekana vizuri kumwacha mtu bwawani bila gurudumu lake.

Miaka ikapita, ndipo redio ikatangaza kwamba katika nchi nyingine kuna wezi wanaoingia maofisini kwa njia ya waya, bila kugusa mlango. Bwana Tindwa akaitisha kikao akauliza nani ana uzoefu wa kulinda mageti. Macho yote yakamgeukia Ngwali. Alitoka kikaoni akiwa Mkuu wa Ulinzi wa Mtandao. Alijaribu kueleza kwamba mageti aliyoyalinda yalikuwa ya maji, akaambiwa asijishushe.

*

Ili asiwe mkuu wa jambo asilolijua, ingawa wengi wanaweza, iliandaliwa semina hotelini. Mwalimu alikuwa Bi. Asumini, mama mwembamba mwenye miwani, aliyekuja na kompyuta yake mkobani na uvumilivu ulioisha kabla ya chai ya saa nne.

Bwana Tindwa alifungua semina kwa hotuba. "Adui wa leo haji na mkuki," alisema. "Haji na bunduki. Adui wa leo haji kabisa. Anabaki kwao. Kwa hiyo, ndugu washiriki, tusimpe hata nafasi ya kutokuja." Washiriki walipiga makofi, na Ngwali akapiga pia, akiangalia wenzake wanaacha lini.

Bi. Asumini alianza na nywila, lile neno la siri linalomfungulia mtu kompyuta yake. Alisema nywila ni ya mtu mmoja, haiazimwi, haibandikwi ukutani. "Nani hapa amewahi kumpa mwenzake nywila yake?"

Mikono yote ikanyooka.

"Tunatumia moja, mwalimu," mhasibu alieleza kwa upole. "Jina la Mheshimiwa. Ukiweka nyingine utaulizwa unaficha nini."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaendelea. Alisema ukipata ujumbe unaokuambia bonyeza hapa, usibonyeze kabla hujajua umetoka kwa nani. "Wezi hupenda kujifanya wakubwa," alisema. "Wanajua mtu akiona jina la mkubwa hafikiri tena." Washiriki wakaandika: hafikiri tena.

Kisha akasema ukimaliza kazi, toka kwenye mfumo na ufunge. Kompyuta iliyoachwa wazi, yeyote atakayeingia ataaminiwa kuwa ni mwenyewe. Hapo watu walitazama dari, wengine kucha zao. Lakini Ngwali alihisi kitu kimefunguka kifuani mwake. Hayo mengine yalimpita juu kwa juu, ila kufunga alikuelewa. Alikuwa amefunga maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza tangu atenganishwe na gurudumu lake alijiona mtu mwenye kazi.

"Mchana," alisema Bi. Asumini, "tutasoma somo la nne, ambalo ndilo husahauliwa. Kabla hujafunga, jua nani ana ufunguo. Nywila anayo nani, ya akiba iko wapi, na mkijifungia nje mtaingiaje."

Mchana Bwana Tindwa aliona elimu imetosha. Muda uliobaki ulitumika kwa hotuba ya kufunga na kupiga picha. Kwenye picha ile Bi. Asumini anaonekana pembeni kabisa, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa. Ngwali alipomuaga, mwalimu alimshika mkono. "Bwana Ngwali, somo la nne ndilo kubwa. Nipigie."

"Nitakupigia, mwalimu," alisema, na alimaanisha.

*

Lakini wa kwanza kupigiwa simu na Ngwali alikuwa mama yake, Bi. Mwanasha.

"Mama, ufunguo wa nyumba unauweka wapi?"

"Chini ya mtungi. Si unajua."

"Na nani mwingine anajua?"

"Kila mtu anajua, baba. Mtu akija nami sipo, ataingiaje?"

Ngwali akamweleza yote, polepole, na alipokuwa akieleza aliona ajabu kwamba anaeleweka. Bi. Mwanasha aliguna, akauliza mawili matatu, mwisho akakubali. Atafunga milango yote miwili, wa mbele na wa uani. Ufunguo ataufunga kwenye pindo la khanga, hatampa mtu. Baadaye alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kwamba wasiwe na wasiwasi wowote, mwanawe anawalinda na maadui wasiokuja. Katika nchi nzima, yeye peke yake ndiye aliyefuata mafunzo yale.

Ngwali akapanda ghorofani kwa Katibu Mkuu.

"Mzee, naomba kompyuta ya Mheshimiwa ifungwe. Iko wazi tangu uzinduzi, na ndiyo inayoshika mageti."

"Mheshimiwa yupo?" aliuliza Bwana Tindwa.

Ngwali alichungulia kupitia mlango wa kioo. Koti lilikuwa kitini. "Yupo."

"Sasa utamfungiaje mtu kompyuta wakati anaitumia?"

"Haitumii, mzee."

"Una maana Mheshimiwa hafanyi kazi?"

Ngwali akasema hapana, hakuwa na maana hiyo, akaomba radhi, akashuka ngazi. Alipita kwenye gurudumu lake la dhahabu pale ukumbini bila kulitazama. Aliona aibu mbele yake.

*

Muda si mrefu ukaingia ujumbe katika kompyuta zote za wizara. Uliandikwa: Bonyeza hapa kumpongeza Mheshimiwa Waziri kwa kazi nzuri. Aliyeutuma hakujulikana.

Ngwali alipanda na kushuka ghorofa zote, jasho likimtoka, akiwaomba watu wasibonyeze. Walimsikiliza kwa adabu. Kila mmoja alimwambia angependa sana kutobonyeza, ila jirani yake ameshabonyeza, na itaonekanaje. Alipofika kwa Bwana Tindwa alikuta tangazo limeshatoka: isisalie kompyuta hata moja isiyopongeza.

"Mzee, mwalimu alituonya."

"Alituonya juu ya wageni, bwana Ngwali. Huu unamhusu Mheshimiwa. Nani anaweza kumpongeza Mheshimiwa kwa nia mbaya?"

Basi Bwana Koja, Mtunza Koti, ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kugusa vitu vya kiti kile, akavaa glavu zake nyeupe akaenda kubonyeza kwenye kompyuta ya Mheshimiwa. Hivyo Mheshimiwa naye alijipongeza, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Siku chache baadaye Mheshimiwa alianza kuandika. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: Habari za kazi. Ulisomwa kila ghorofa kwa sauti. Bwana Koja alilia, akasema miaka yote alilipiga koti brashi akijua siku hii itafika. Keshoye Mheshimiwa aliidhinisha kisima cha kijiji kimoja ambacho watu wake walishasahau kwamba waliwahi kukiomba. Ikasemwa ziara imempa nguvu mpya.

Ngwali hakushangilia, kwa sababu alikuwa amepokea simu kutoka bwawani. Aliyepiga alikuwa Dunda, kijana aliyebaki huko kutazama tu, kwa kuwa yeye hakuwahi kuwa na gurudumu.

"Kaka, geti la kwanza limepanda kidogo halafu likashuka. Ni nyie?"

"Limepanda lenyewe?"

"Kama mtu anajaribu komeo."

Kazi ile Ngwali aliijua: mtu akijaribu komeo mchana, usiku ana shughuli nalo.

*

Ujumbe wenyewe ulifika siku ya Jumatatu, na Bwana Tindwa akausoma mbele ya wakuu wa idara wote, amesimama: Mfumo wenu wote uko mikononi mwangu. Mkitaka mageti ya bwawa yabaki yamefungwa, tumeni fedha kwa anwani hii kabla ya Ijumaa. Msimwambie mtu. Nikishalipwa sitarudi kudai tena.

Alipomaliza alikunja karatasi, macho yamemlowa. "Ndugu zangu," alisema, "mfumo wetu wote uko mikononi mwake. Ni kweli, na umekuwa mikononi mwake siku zote. Anataka fedha, anazitaka haraka, na anazitaka kimyakimya. Mimi nimefanya naye kazi miaka mingi. Hii ni sauti yake."

Wakuu wa idara walitikisa vichwa. Ngwali alisimama.

"Mzee, huyu siye. Huyu ni mdukuzi, mwizi wa mtandao. Ameingia kwa ule ujumbe wa pongezi, na sasa anakaa kwenye kompyuta ya Mheshimiwa."

"Una ushahidi?"

"Ameahidi kwamba hatarudi kudai tena."

Hata mhasibu aliinua uso. Ni kweli Mheshimiwa hakuwahi kutoa ahadi ya namna hiyo, na kwa kitambo kidogo Ngwali alidhani ameshinda. Aliona macho ya Bwana Tindwa yakifikiri. Kisha yakaacha.

"Kaa chini, bwana Ngwali," alisema Katibu Mkuu. "Watu hubadilika."

Ikaamuliwa alipwe, tena kabla ya siku. Ila anwani iliyotajwa ilikuwa ngeni, na Bwana Tindwa akaona pengine Mheshimiwa amechoka na safari akasahau. Fedha zikapitishwa njia yake ya kawaida, kwa shemeji wa Mheshimiwa, ambaye alizipokea kama kawaida bila kuuliza ni za nini. Hivyo wizara ilimlipa mwizi kwa ukamilifu na kwa wakati, na mwizi hakuona hata senti.

Alhamisi akaandika tena: Mnanichezea? Akajibiwa kwamba wizara inashukuru kwa maelekezo yake.

*

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Ngwali alikuwa amesimama ukumbini simu ilipolia.

"Kaka," alisema Dunda, "yote matatu yanapanda. Siyo kiganja leo."

"Yashushe."

"Niyashushe kwa kutumia nini? Gurudumu mnalo nyie."

Ngwali aliliangalia. Lilikuwa limepanguswa asubuhi ile, linang'aa. Akampigia mama yake.

"Mama, toka. Panda shuleni, kule mlimani. Waite na wengine."

"Kuna nini?"

"Maji."

"Lakini wewe upo," alisema Bi. Mwanasha.

"Nipo, mama."

"Basi nitoke niende wapi, na mlinzi ni wewe?"

Hakulisema kwa ukali wala kwa hofu. Alilisema kama mtu anayeuliza kwa nini abebe mwavuli na jua linawaka. Ngwali alimsihi, akamsihi tena, mpaka akakubali kutoka kwa kumridhisha tu, na yeye akakimbia ngazini.

Bwana Tindwa alikuwa mezani kwake anakula. Alimsikiliza hadi mwisho, akafuta vidole.

"Amri ya mageti imetoka kwa Mheshimiwa. Mimi nina ruhusa ya kumpongeza. Ya kumpinga sina."

"Mabondeni kuna watu, mzee."

"Na Mheshimiwa anawapenda sana," alisema Bwana Tindwa, akarudia samaki wake.

Ofisi ya Mheshimiwa ilikuwa tupu. Bwana Koja alikuwa hajarudi kutoka msikitini. Ngwali aliingia. Kompyuta ilikuwa wazi kama ilivyokuwa siku zote, kichwani imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwenye kioo palikuwa na picha za mageti matatu, yote yanapanda, na chini ya kila geti maneno mawili, FUNGUA na FUNGA. Hata mtoto angeelewa. Mtu aliyezungusha chuma maisha yake yote alitakiwa sasa akae, anyooshe kidole, aguse mara tatu.

Alishika kiti. Koti lilikuwa pale, linanuka dawa ya nondo. Ngwali alilelewa na mama asiyemruhusu mtoto kukalia hata kigoda cha marehemu baba yake, na mkono wake, mkono ule uliowahi kuzuia bwawa zima, ukarudi wenyewe. Akaunyoosha tena, ukarudi tena. Alikuwa anaogopa, na tusimtafutie jina jingine. Hakuogopa jela wala kufukuzwa. Aliogopa kiti.

Ndipo likamjia somo alilolielewa. Funga. Na alijua kitu kimoja tu kinachoweza kuifanya wizara ile ifunge. Kulikalia koti la mkubwa ni ufidhuli, lakini kumbebea mkubwa koti ni utumishi. Akaliinua, akalilaza juu ya mikono yake miwili, akatoka nalo.

Wa kwanza kumwona alikuwa karani wa koridoni. Alisimama, kalamu ikamdondoka. "Mheshimiwa anatoka," alinong'ona, na neno likatangulia mbele ya Ngwali kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Watu walisimama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ziletwe, kompyuta zikaanza kufungwa. Ngwali alisikia zikizima moja moja nyuma yake, feni zake zikipumua mara ya mwisho, hadi jengo likawa na kimya ambacho hakuna aliyekijua. Kina mama walichukua mikoba yao. Mzee mmoja wa masijala alikuwa akilia na kucheka.

Bwana Tindwa alitoka na kitambaa cha kulia chakula kifuani, akaliinamia koti likipita. Halafu, kama mila inavyomtaka aliye mkubwa baada ya mkubwa, aliingia ofisini kuhakikisha kwamba Mheshimiwa hakuacha kitu wazi. Kompyuta aliifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Ngwali alisimama ukumbini karibu na gurudumu, koti mikononi. Alikuwa na furaha. Naisema kwa sababu ilikuwa fupi na alistahili kuwa nayo.

*

"Kaka, bado yanapanda," alisema Dunda kwenye simu.

"Haiwezekani. Tumefunga kila kitu."

"Mmefunga nini? Amri ilishafika huku. Mpaka itoke nyingine ya kuyashusha, na itoke kompyuta ileile." Nyuma ya sauti ya Dunda kulikuwa na mngurumo ambao Ngwali aliujua vizuri. "Mashamba ya mpunga yamekwisha. Maji yanaelekea nyumba ya mama, na ile nyumba mpya ya mapumziko ya Katibu Mkuu."

Bwana Tindwa, aliyekuwa ameshuka kumsindikiza Mheshimiwa, aliisikia simu ile. Rangi ilimtoka.

"Nadhani," alisema polepole, "Mheshimiwa amebadili mawazo."

Walipanda ngazi mbio wote wawili. Koti lilirudishwa kitini, likanyooshwa mabega, na Mheshimiwa akawa yupo tena. Bwana Tindwa akawasha kompyuta. Ikauliza nywila.

Akaandika jina la Mheshimiwa. Ikakataa. Akaliandika pamoja na vyeo vyake. Ikakataa. Akaliandika na vyeo na shahada ya heshima aliyopewa ng'ambo, na kompyuta ikaeleza kwamba nywila ya zamani ilibadilishwa wiki iliyopita, kisha ikajifunga hadi kesho.

Ngwali akampigia Bi. Asumini. Alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Nywila anayo nani?" aliuliza mwalimu.

"Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yuko wapi?"

Ngwali na Bwana Tindwa walilitazama koti.

"Ilibadilishwa na huyo mwizi," Ngwali alisema. "Yeye anaijua. Sisi hatuijui."

"Alibadilisha nywila, na hakumwambia mtu," alisema Bi. Asumini. "Basi huyo alinisikiliza." Sauti yake haikuwa na kejeli, ilikuwa imechoka. "Bwana Ngwali, kompyuta ikiwa wazi, yeyote angeweza kukaa pale akayashusha mageti. Mlikuwa na mlango. Hilo ndilo lilikuwa somo la mchana."

Kuna aliyekumbuka gurudumu. Fundi aliletwa na nyundo kuvunja saruji, ila akauliza kibali cha kuharibu kumbukumbu ya taifa kiko wapi. Kibali hicho husainiwa na Mheshimiwa. Fundi alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akaenda zake.

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri, kwa huruma yake, amewafikishia maji wananchi wa Mabondeni, ambao kilio chao cha maji ni cha miaka mingi. Ilitangazwa pia kwamba washiriki wote wa semina watapewa vyeti.

Ngwali aliisikia taarifa hiyo ndani ya gari, njiani. Alipofika, maji yalikuwa yametulia, mekundu, mapana. Vichwa vya mipapai vilionyesha palipokuwa na nyua. Kaburi la baba yake lilikuwa huko chini mahali fulani, na hakuweza hata kukisia ni wapi. Alitaka kulia, akaona hana haki ya kulia mbele ya watu wale.

Walikuwa shuleni mlimani, wamekaa kwenye madawati na magodoro. Walimpisha njia. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Bi. Mwanasha alikuwa ameketi barazani, khanga yake imekaukiwa na tope hadi kiunoni.

"Umekuja, baba."

"Nimekuja, mama. Watu wote walitoka?"

"Wote. Niliwaambia ni wewe umesema." Alimsogezea nafasi. "Wanasema huko wizarani ulifanikiwa kufunga."

"Nilifunga, mama."

"Na mimi nilifunga," alisema. "Milango yote miwili, kama ulivyonifundisha. Nilikuwa nimeshafika njiani nikakumbuka wa uani, nikarudi. Maji yalikuwa kizingitini lakini niliufunga."

Alifungua fundo la pindo la khanga, akatoa ufunguo, akaupangusa tope kwa kidole gumba.

"Ushike wewe sasa. Wewe ndiye mlinzi."

Ngwali akaupokea kwa mikono miwili.